Gari la Kijani Tulilokwenda Kulitazama Arusha

Dukani kwa Zubery,
Katesh, Wilaya ya Mbulu,
Jimbo la Kaskazini,
Tanganyika.
19 Novemba 1955

Mpendwa Shangazi Mwantumu,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia la maharage nyuma ya duka, kwa kuwa mezani kuna mizani na baba hapendi isogezwe. Mimi ni mzima. Naomba barua hii ikukute nawe mzima kuliko mimi. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Katika barua yako ulisema linakuuma ukisimama muda mrefu bombani. Nilimsomea baba sehemu hiyo mara mbili, akasema kwamba dada yake hajui kukaa chini tangu utoto wao.

Bwana Tawakali naye hajambo? Mpe shikamoo yangu, na pole ya kazi ya reli. Mtoto Hasani ameanza kutembea, au bado anasafiri kwa makalio?

Sisi huku hatujambo. Mlima umejifunika mawingu siku kumi sasa, lakini mvua yenyewe imenyesha mara moja tu, nayo ilikuwa ndogo. Mama ana kikohozi cha vumbi. Si kikubwa. Hukohoa zaidi anapokuwa hataki kujibu jambo.

Sasa nakuja kwenye swali lako. Ulisema umesikia kwa mtu aliyetoka Singida kwamba kaka yako amenunua motokaa bila kukuambia, na kwamba umekasirika kidogo. Tafadhali usikasirike mpaka ufike mwisho wa barua. Habari hiyo ilifika kwako kabla jambo lenyewe halijatokea.

Unajua jinsi baba anavyofanya biashara. Hupeleka nguo, sabuni na viberiti Endasak na kwenye maboma ya uwandani, akarudi na mahindi, maharage na ngozi. Chumvi huichukua kule ziwa Balangida. Mizigo yote hiyo hubebwa na punda. Mwaka huu fisi wamekula punda wawili, na wa tatu amezeeka hata akiona mlima hulala. Tangu hapo kila lori lililosimama Katesh baba alilitazama kama mtu mwenye njaa anavyotazama chungu cha jirani.

Kuna jambo la pili, nalo ni langu mimi. Nimemaliza darasa la nne, na nimepata nafasi katika shule ya kati ya bweni kule Mbulu, kuanzia Januari. Mwalimu Nicodemo alikuja mwenyewe dukani kumwambia baba. Darasani kwetu tulipata wasichana wawili tu. Baba alifurahi sana. Mama alikohoa. Baadaye alisema kwamba mtoto wa kike hawezi kupanda malori ya watu asiowajua na kulala njiani Dongobesh, kwenda na kurudi kila likizo. Maneno yake yalikuwa haya: "Atakwenda kwa gari la baba yake, au hatakwenda."

Nadhani alisema hivyo kwa sababu baba hakuwa na gari. Lakini baba alilishika neno hilo. Basi kwetu gari na shule vikawa kitu kimoja. Likipatikana gari, nakwenda. Lisipopatikana, nabaki hapa kupima chumvi.

Mwezi wa tisa alikuja mtu aitwaye Patriki. Ni mtu wa kijiji cha Daudi, lakini anafanya kazi Arusha kwenye uwanja mmoja wanakouza magari yaliyokwisha kutumika. Suruali yake ilikuwa imepigwa pasi hata ungeweza kukatia mkate. Alikuwa anatoka kwao msibani, akaingia dukani na kusema hata kabla ya kukaa: "Mzee Zubery, nasikia unatafuta gari."

Hapo ndipo nilipoanza kuwa na shaka. Baba alikuwa amewaambia watu wawili tu, mama na Mzee Gidamowsa, na hao si watu wa kutembeza maneno. Patriki alikunywa chai vikombe viwili, akamwita mama dada yetu, akasema liko gari moja zuri la kijani ambalo amelificha nyuma ya mengine ili watu wasilione, maana amelitunza kwa ajili ya mtu wa nyumbani.

Mama akamwuliza, "Ulilificha kwa ajili yetu kabla hujatujua?"

Patriki alicheka sana. Mama hakucheka.

Mzee Gidamowsa labda humkumbuki. Ni Mbarabaig wa uwandani, naye ndiye aliyewachunga ng'ombe wetu miaka minane bomani kwake. Walipatana na baba hivi: maziwa yawe yake, ndama wawe wetu. Ng'ombe wote saba waliuzwa mnadani mwezi uliopita kwa ajili ya gari. Siku ile Mzee Gidamowsa aliwaita mmoja mmoja kwa jina, nao wakageuza vichwa. Kisha akamwambia baba kwamba atakwenda naye Arusha, akakione kwa macho yake hicho kitakachokaa mahali pao. Baba hakuweza kumkatalia.

Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya kusoma. Baba husoma vizuri herufi za Kiarabu, lakini karatasi za magari huandikwa kwa herufi za shuleni. Mama alinivuta pembeni kabla hatujaondoka, akaniambia, "Soma yote, hata yaliyojificha chini. Ukiona wanakukaribisha sana, rudia kusoma." Fedha alikuwa amezishonea ndani ya kanzu ya baba kwa uzi wa magunia. Njia nzima, Babati mpaka Arusha, baba alikaa amekumbatia tumbo kama mwenye baridi, na kila mtu aliyemsogelea, baba alimwuliza anatoka wapi.

Tulifika uwanjani saa tatu asubuhi. Magari yalikuwa kama kumi na matano, yamepangwa yakitazama barabara, yote yameoshwa. Patriki alitujia mbio mikono imefunguliwa. "Watu wa nyumbani! Mmelala wapi? Kwa nini hamkuniambia, mkalala kwangu?" Alitupeleka moja kwa moja kwenye lile la kijani. Wala halikuwa limefichwa. Lilikuwa la tatu kutoka langoni.

Lakini, Shangazi, lilikuwa zuri, sitakudanganya. Ni gari dogo la mizigo, mbele wanakaa watu watatu, nyuma kuna sanduku la mbao. Rangi yake ilikuwa kama majani ya maharage baada ya mvua. Nililitazama, na mara moja nikaona sanduku langu la shule likiwa limefungwa pale nyuma kwa kamba, na baba amekaa mbele na kofia yake nyeupe, tukipandisha kwenda Mbulu. Nililitaka gari lile. Naandika hivyo ili uelewe yaliyofuata.

Patriki alitueleza habari zake. Lilikuwa la mzee mmoja Mzungu mwenye shamba la kahawa, halikutoka nje ya mji, na kazi yake ilikuwa kumpeleka mzee huyo kanisani siku ya Jumapili.

Mzee Gidamowsa alilizunguka polepole, akainama, akatazama chini ya tumbo lake, akagonga kila gurudumu kwa fimbo. Kisha akauliza, kama anavyouliza mnadani:

"Aliliuza kwa nini?"

"Amerudi kwao Ulaya, mzee wangu."

"Mengine aliyapeleka wapi?"

"Alikuwa nalo hili moja tu."

"Mtu mwenye shamba zima ana gari moja, na hilo moja halimbebei kahawa?" Alinitazama mimi, kana kwamba jibu ninalo. "Na siku sita za juma lilikuwa linafanya nini?"

"Linapumzika, mzee. Ndiyo maana lina nguvu."

"Mm," akasema Mzee Gidamowsa. "Fahali anayepumzika siku sita mimi humchinja."

Wafanyakazi waliokuwa wakiosha magari walicheka, na Patriki akacheka nao, lakini alicheka akitazama kule ofisini alikokuwa mwenye uwanja.

Akaliwasha gari. Liliitika mara ya kwanza. Baba alitabasamu. Mimi nilikumbuka malori ya hapa Katesh asubuhi za baridi, jinsi taniboi anavyozungusha ule mkono wa chuma wa kuwashia mashine mpaka anatokwa jasho, na dereva anamtukana, na wakati mwingine wanaomba maji ya moto jikoni kwetu. Arusha asubuhi ile ilikuwa na baridi kuliko Katesh. Niliweka kiganja juu ya kifuniko cha mashine, nikakuta kina joto, na si joto la muda ule mfupi. Walikuwa wameliamsha kabla hatujafika. Nikatazama tena, nikaona rangi ya kijani imepita hata juu ya mpira wa kioo, na juu ya vichwa vya misumari, kama mtu aliyepakwa mafuta haraka ili aonekane ameoga.

Mambo hayo yote niliyaona, na bado nilitafuta njia ya kuyasamehe. Nilijiambia kwamba labda wao huwasha magari yote kila asubuhi, na kwamba rangi ni rangi tu.

Baba akaniambia niingie ndani nione kama kiti kinafaa. Nilikaa. Kilikuwa kiti cha ngozi, kina harufu ya sabuni. Chini kulikuwa na mkeka wa mpira, na pale ulipokutana na mlango nikaona weupe kidogo umeingia ndani ya ufa, kama unga. Nilidhani ni chokaa. Niliuchokoa kwa kucha, nikauweka ulimini.

Kabla hujashangaa, kumbuka kazi yangu hapa dukani. Wanaotuletea chumvi wengine huchanganya udongo wa ufukweni, na jicho haliwezi kujua, kwa hiyo tangu nina miaka saba baba huniambia, "Mwamvita, ulimi." Mimi huonja kila mfuko. Chumvi ya kiwandani ni kali na safi. Ile ya Balangida huanza kwa ukali, kisha inafuata uchungu upande wa nyuma wa ulimi, na mwisho kabisa harufu ya tope. Siwezi kukosea.

Ile iliyokuwa garini ilikuwa ya Balangida.

Nilijua maana yake mara moja. Unakumbuka yale madebe ya chumvi hapa dukani? Hayamalizi mwaka, chini yanakuwa kama majani makavu. Misumari ya rafu yanapokaa imeliwa mara mbili. Gari hili lilikuwa limebeba chumvi mbichi yenye maji, tena si mara moja, maana ilikuwa imejaa mpaka ndani ya nyufa za mbele wanakokaa watu. Huyo mzee wa kahawa na Jumapili zake hakuwahi kuwapo. Na chini ya rangi ile nzuri chuma kilikuwa kimeliwa.

Shangazi, sikusema. Nilishuka, nikafunga mlango taratibu, nikaenda kusimama nyuma ya baba. Niliwaza hivi: labda litatembea miaka miwili, na miaka miwili ni nusu ya shule. Niliwaza pia kwamba mimi ni mtoto tu na hakuna aliyeniuliza. Haya nakueleza wewe peke yako. Mwalimu Nicodemo sijamwambia.

Patriki alileta chai na mkate wenye siagi, akaniongezea sukari bila kuuliza. Chai ile niliinywa ikiwa na ladha ya Balangida. Baba alianza kukata ule uzi wa magunia kwa kisu kidogo. Mwenye uwanja akatoka ofisini, mtu mnene mwenye miwani, akaweka karatasi juu ya kifuniko cha gari, akarudi zake ndani. Patriki akampa baba kalamu, na baba akanipa mimi karatasi.

Ilikuwa ya Kiswahili, imepigwa chapa. Niliisoma kwa sauti, pamoja na yaliyokuwa chini. Yalisema kwamba mnunuzi amelitazama gari na kuridhika, na kwamba akiisha kutia sahihi halitarudishwa kwa sababu yoyote.

Baba akasema hiyo haiwezekani. Akamweleza Patriki kwa upole, kama anamfundisha, kwamba mnadani kwetu ng'ombe akikataa majani siku tatu za kwanza hurudishwa kwa mwenyewe, na mwenyewe humpokea na fedha hurudi, na kila mtu anajua hivyo. Alidhani hata magari ni hivyo. Nilitambua kwamba kwa siku zile zote baba hakuwa na wasiwasi kwa sababu hiyo tu. Alikuwa anategemea zile siku tatu.

"Mzee wangu, karatasi ni karatasi tu," Patriki akasema. "Likikataa, si utanirudishia mimi? Mimi si mtu wa kwenu? Ningemdanganya mtu wa nyumbani, Daudi ningepitaje?"

Baba alimwamini. Niliona mabega yake yakishuka. Akachukua kalamu, maana jina lake anajua kuliandika kwa herufi za shuleni, nilimfundisha mwenyewe. Aliandika ile Z.

"Baba," nikasema, "gari hili limebeba chumvi ya Balangida."

Mkono wake ukasimama. "Umejuaje?"

"Nimeonja."

Patriki aliangua kicheko, akapiga makofi kuwaita wenzake. "Jamani, njooni! Mtoto amelamba gari! Mzee Zubery, huko Katesh chakula kimekwisha? Hapa watoto wanakula mkate, gari tunaliendesha!" Wote wakacheka. Mmoja akaniuliza kama gurudumu nalo ni tamu. Nililia, lakini niliendelea kusimama.

Baba hakucheka wala hakunitetea. Alizunguka, akafungua mlango, akapiga magoti na kanzu yake nyeupe katika tope la uwanja ule, akaingiza kidole ufani, akakilamba. Kisha akamwita Mzee Gidamowsa, naye akainama akalamba. Yeye amepeleka ng'ombe kwenye chumvi ile maisha yake yote. Akatema mate, akasema, "Upande wa machweo. Kwenye matope mekundu. Huko ndiko wanakopakia."

"Niambie, Patriki," baba akasema akiwa bado amepiga magoti, "kanisa hilo la Jumapili liko ziwani?"

Patriki akasema labda ni chumvi ya chakula, labda mzee yule alimwaga alipokuwa safarini. Baba akamkumbusha kwamba halikuwahi kutoka mjini. Wakati wanabishana, Mzee Gidamowsa alikuwa amekwisha kuinua mkeka wa mpira. Fimbo yake ina ncha ya chuma. Aliisimamisha pale wanapoweka miguu, akaiegemea tu, kama anavyoiegemea akiwa machungani, nayo ikazama. Tulisikia sauti kama ya kuvunja ganda la yai. Fimbo ikapita mpaka chini, ikagusa ardhi ya Arusha, na alipotaka kuichomoa ikakataa.

Hapo kicheko kilikwisha uwanja mzima.

Mwenye uwanja alitoka mbio. "Nani amenitobolea gari? Nani? Mtalilipa!"

Baba akasimama, akapangusa magoti. "Bwana, gari lako limetobolewa na chumvi. Fimbo imepita tu."

"Nitaita askari!"

"Mwite. Tutamwonjesha."

Yule bwana alimtazama baba, akaitazama fimbo iliyosimama katikati ya gari lake, kisha akamtazama Patriki kwa muda mrefu. Hakumwita askari. Wafanyakazi wawili walisaidia kuchomoa fimbo, na mmoja wao, yule aliyeniuliza habari za gurudumu, hakuniangalia usoni. Baba aliichukua ile karatasi yenye herufi yake moja, akaikunja, akaitia mfukoni.

Patriki alitufuata mpaka langoni, akisema kwamba yeye naye alidanganywa, na kwamba liko jingine jekundu, la daktari.

"Jekundu limebeba nini?" Mzee Gidamowsa akamwuliza, na hatukusubiri jibu.

Mpaka leo sijui kama Patriki alikuwa anajua. Kuna wakati nadhani alijua kila kitu, na kuna wakati nakumbuka jinsi uso wake ulivyobadilika fimbo ilipozama. Lakini nimekuwa mtu wa shaka, Shangazi. Hata muuza mandazi wa Babati nilihesabu anachonipa.

Tulirudi na lori, juu ya magunia ya mahindi. Mvua ile moja niliyokutajia ilitukuta huko. Mzee Gidamowsa alilala. Mimi nilijua kwamba shule imekwisha, na nilikuwa nimejikaza nisilie tena. Tulipopita Babati baba alisema, bila kunitazama, "Ungeweza kunyamaza."

"Nilinyamaza, baba. Mpaka chai ilipokwisha."

Baba akavua koti lake, akanifunika kichwa.

Nyumbani mama alikuwa anapepeta mtama. Alituona tunashuka kwenye lori la watu, akaelewa, akaendelea kupepeta. Baba aliingia dukani. Mzee Gidamowsa ndiye aliyekaa akaeleza, kwa Kiswahili chake cha polepole, tangu Jumapili za yule mzee wa kahawa mpaka fimbo. Hakuruka kitu. Alisema pia kwamba alikuwa ameniona nashuka garini nikiwa nimebadilika uso, na kwamba alikuwa anangoja aone nitafanya nini. Kumbe alijua nina neno! Mama alisikiliza ungo ukiwa magotini. Mzee alipofika mahali baba alipopiga magoti na kanzu nyeupe, mama alianza kucheka, akacheka mpaka akakohoa kikohozi cha kweli, na mtama ukamwagika.

Kisha akanitazama.

"Alijua likinunuliwa anakwenda shule?" akamwuliza Mzee Gidamowsa, kana kwamba sipo.

"Alijua."

Mama akaanza kuokota mtama. Aliokota punje chache, akasema: "Basi mimi nilikuwa namwogopea nani barabarani? Dereva gani atamdanganya huyu? Na aende na lori la Dongobesh. Wa kuhurumiwa ni hao watakaokaa naye."

Hayo ndiyo maneno yake, Shangazi, nami nimeyaandika kama yalivyotoka. Ilikuwa siku nane zilizopita. Tangu hapo hajayarudia, na mimi sijathubutu kumwuliza, kwa kuwa akiulizwa anaweza kukohoa. Jana alininunulia blanketi, lakini hakusema ni la wapi. Inawezekana ni la nyumbani. Baba amenunua mitamba watatu wakakae kwa Mzee Gidamowsa, na fedha iliyobaki mama ameishona tena mahali ambapo hata baba hapajui.

Kwa hiyo nina ombi, na ndilo lililonifanya niandike upesi. Tafadhali mwandikie mama barua, yake peke yake, umshukuru kwa kuniruhusu kwenda shule. Usimwombe wala usimwulize, mshukuru tu, kama unavyomshukuru mtu kwa jambo lililokwisha. Mwambie umefurahi na kwamba Bwana Tawakali naye amefurahi. Barua zake mimi ndiye ninayemsomea, nami nitaisoma polepole, baba akiwapo, na Mzee Gidamowsa akiwapo ikiwezekana. Ukiituma kabla ya mwisho wa mwezi huu itafika mapema, maana shule inafunguliwa tarehe kumi na saba Januari.

Baba na mama wanakusalimu. Mzee Gidamowsa anasema nikusalimu ingawa hakujui, na anauliza huko Tabora majani yakoje. Nisalimie Bwana Tawakali, nibusie Hasani, na majirani wote wanaonikumbuka uwape salamu zangu. Mungu akulinde, alipoze goti lako, na akujalie usikutane na muuzaji anayekukaribisha mno.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye na ninayeingoja barua yako kila lori linaposimama,

Mwamvita Zubery